Kofia kwenye Msumari wa Jirani

Ukiingia kwa jirani yangu, kabla hujapewa kiti, utauona ukuta. Ni ukuta wa banda aliloliegemeza ubavuni mwa nyumba yake, banda la kutosha gari moja na mtu mmoja mwembamba. Umepigiliwa misumari kutoka usawa wa kiuno hadi pale mkono ulionyooshwa unapoishia. Kila msumari una kifaa chake, na nyuma ya kila kifaa kuna umbo lake lililochorwa kwa rangi nyeusi, ili kifaa kikiondoka, kivuli chake kibaki kikikukodolea macho. Spana za mdomo wazi zipo kushoto, kuanzia ile ndogo kama kidole cha mtoto hadi ile ya kulegezea nati za lori. Za mviringo zipo katikati. Bisibisi, koleo, nyundo, tupa na brashi ya waya zipo kulia. Kwa ajili ya ukuta huo mtaa mzima unamwita Misumari, na vijana wengi hawajui kwamba aliwahi kuwa na jina jingine.

Alikuwa dereva wa lori la idara ya maji. Siku hizo lori likikuharibikia njiani hakukuwa na mtu wa kumpigia simu. Dereva ndiye fundi, na chini ya gari ndipo darasani. Alipostaafu alinunua mnadani gari dogo la bluu, limechoka kiasi kwamba mkewe alilizunguka mara moja akauliza kama limekuja na sanda yake. Mama wa nyumba ile ana ulimi. Lakini gari lile bado linatembea, na sanda haijashonwa.

Nataka nieleze alivyovipata vifaa vile, kwa kuwa siku hizi hakuna anayeuliza. Mtu akiona ukuta umejaa hudhani ulijaa kwa siku moja. Misumari alikuwa na kanuni: usitafute spana kabla nati haijakukatalia. Nati ikimkatalia, alifungua pacha wake, yule asiye na ubishi, akamtia mfuko wa shati, akaenda nyuma ya soko kwenye safu ya wauza vyuma chakavu. Mara nyingi nilifuatana naye. Alichuchumaa mbele ya kila turubai, akachagua spana, akaivisha ile nati. Ikicheza hata kidogo aliirudisha. Ikikaa kimya, aliigonga kwenye jiwe akainamisha sikio, kwa sababu chuma kizuri kinaimba na chuma kibaya kinakohoa. Wauzaji walimjua. "Baba wa nati mfukoni huyo," walisema, "fungeni maduka." Kuna spana aliyoitafuta msimu mzima wa mvua, na nati yake ikamtobolea mifuko ya mashati mpaka mkewe akakataa kuishona tena.

"Spana ya kukaribia ni mwizi," alikuwa akiwaambia wote waliokuja kwake. "Inakula pembe za nati kidogo kidogo. Siku ukija na spana yenyewe, unakuta duara linakucheka."

Ile spana ya kubana na kuachia, ambayo mafundi huiita malaya kwa sababu hailali na nati moja, alikuwa nayo pia. Lakini aliitundika nyuma ya mlango, kama mjomba mlevi anayefichwa wageni wakija.

Na kulikuwa na desturi ya kofia. Sijui nani aliianza. Ukija kuazima spana kwa Misumari, unavua kofia yako na kuitundika palepale spana ilipokuwa. Ukirudisha spana unachukua kofia. Hakuna kuandikishana, hakuna kuapishana. Asiye na kofia aliacha mkanda, au kiatu kimoja, au kitambaa cha kichwa kama ni mama. Fundi cherehani aliwahi kuacha miwani, akarudi nyumbani akipapasa kuta. Hakuna spana iliyowahi kupotea, maana utapita wapi kichwa wazi wiki nzima usiulizwe kofia yako iko wapi? Mwisho wa juma ukuta ule ulikuwa na kofia nyingi kuliko vyuma, na Misumari alikaa kwenye benchi akiutazama kama mfugaji anavyotazama zizi jioni. "Kofia ya mwalimu ipo kwenye kumi na nne," alisema. "Huyo breki zinamsumbua. Akichelewa nitakwenda kumwona." Alikuwa akiusoma mtaa ukutani. Mimi niliyejifunza kusoma kwa karatasi walizofungia vitu dukani, namwambia yeyote anayetaka kusikia kwamba sijaona maandishi yaliyo wazi kama yale.

Sasa nije kwa binti yake, kwa sababu ndiye kiini.

Ni kitinda mimba, muuguzi, anaishi upande wa pili wa mji. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi huja na gari lake, na baba yake hulifanyia sevisi. Watu wa nje wangedhani ni ubahili. Ukweli ni kwamba Misumari hajui kuongea na mtoto. Mkalishe naye kwenye kochi, ataangalia dari. Anachojua ni kufungua boneti. Binti anashika tochi, yeye anazamisha mikono, na hapo kati ya plagi na chujio la mafuta ndipo maneno yao hupita. Alipopata kazi, alimwambia babake hapo. Alipochumbiwa, alimwambia babake hapo, mzee akiwa anakaza nati ya oili. Misumari alimaliza kukaza, kisha akasema, "Shika tochi vizuri." Binti akatoka akamkumbatia mama yake akilia kwa furaha, kwa sababu kwao wawili hiyo ndiyo ilikuwa radhi ya baba.

Kwa hiyo ukimwondolea Misumari lile gari, hujamwondolea kazi. Umemwondolea mtoto.

Basi akaja Wa Bima. Ni kijana aliyepanga nyumba ya ng'ambo ya barabara, anafanya kazi ofisi ya bima, ana mke mcheshi na gari la rangi ya fedha analoliosha kila Jumapili kwa sabuni yenye harufu ya matunda. Siku moja gari la mizigo likamshushia boksi jeusi, zito, lina vifungo kama vya sanduku la safari. Akatuita tuliokuwa kwenye benchi.

"Wazee wangu, karibuni muone."

Akalifungua juu ya boneti. Nisiwe mwongo: lilipendeza. Soketi kwa soketi, safu kwa safu, zinang'aa kama meno ya bibi harusi, kila moja imelala katika shimo lake la plastiki lililochongwa kwa umbo lake. Kulikuwa na mpini unaolia tiki tiki tiki ukiugeuza. Kulikuwa na vichwa vya nyota, vichwa vya pembe, virefu, vifupi. Nilimtazama Misumari. Alikuwa ameweka mikono nyuma, kama mtu aliyekuja msibani kwa watu asiowajua vizuri.

"Na nati ziko wapi?" akauliza.

"Nati zipi, mzee wangu?"

"Zilizokukatalia. Umenunua spana zote hizi, nati zake ziko wapi?"

Wa Bima akacheka, si kwa dharau. "Zitakuja tu, mzee. Zitakuta tumejiandaa."

Laiti kijana angekuwa na kiburi. Mtu mwenye kiburi unamchukia ukalala usingizi. Huyu alikuwa anatuamkia wa kwanza, anamsaidia mama mwenye nyumba kubeba ndoo, na akikosea kufunga kitu anajicheka mwenyewe. Alijifunza ufundi kwa kutazama picha kwenye simu, simu ameiegemeza kwenye kioo, mkono mmoja anasimamisha picha, mwingine anageuza spana. Na gari lilikuwa linapona. Hilo ndilo lililomkera Misumari kuliko yote, kwamba lilikuwa linapona.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kofia zikaanza kupungua ukutani. Kwanza ya mwalimu, kisha ya kinyozi, kisha ya fundi cherehani, ambaye sasa aliweza kubaki na miwani yake usoni. Wa Bima hakudai kofia. "Chukua tu, utarudisha," alisema, kisha akampiga mtu picha ameshika soketi, ili asisahau iko kwa nani. Watu walirekebisha kola kabla ya kupigwa picha. Walipenda.

Misumari akahamisha benchi. Lilikuwa linatazama ukuta. Sasa likatazama barabara.

"Unamwonea wivu mtoto wa watu," mkewe akamwambia siku moja, anapepeta mchele mlangoni.

"Wivu wa nini? Naangalia barabara."

"Barabara gani hiyo yenye vifungo viwili na mpini?"

Ng'ambo ukasikika ule mlio, tiki tiki tiki, akakunja uso kama mwenye jino bovu. Alianza kupaka spana mafuta nje, juani, mahali zinapoonekana. Alipiga upya rangi ya vivuli vyote ukutani, kana kwamba watu waliacha kuja kwa sababu ya rangi. Siku nyingine aliniuliza kama sihitaji spana.

"Mimi nina kiti tu," nikamwambia. "Sina gari."

"Kiti kina nati."

Nikachukua spana ya kumi, nikaacha kofia yangu ukutani, nikatembea juani kichwa wazi wiki nzima kwa ajili ya kiti ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa kofia peke yake kwenye ukuta ule wote. Alikuwa akiitazama.

Ndipo binti akabadilisha gari. Lile la zamani alimwachia mumewe, akachukua jingine, jeupe, jipya kidogo kuliko umri wetu ulivyozoea. Jumapili ile ya mwisho wa mwezi Misumari alifungua boneti akabaki ameinama. Plagi hazikuwa ubavuni mwa injini kama anavyozijua. Zilikuwa chini kabisa ya visima vyembamba, juu ya injini, na vichwa vyake vilikuwa vidogo. Hakuna spana ukutani iliyoweza kufika huko. Alisema plagi bado nzima, akabadilisha oili tu, akamwambia, "Mwezi ujao tutazitoa." Binti alimjua baba yake, hakuuliza.

Kesho yake tukaenda nyuma ya soko. Safu ya vyuma chakavu haikuwapo. Pale palipokuwa na maturubai pamesimama duka la vioo, na spana zimening'inia ndani ya plastiki ngumu, kila moja na picha yake, kama dawa. Soketi nyembamba ya plagi ilikuwapo. Misumari akaomba aifungue aijaribu.

"Ukifungua umenunua, mzee," akasema kijana wa dukani, bila ubaya.

"Nitajuaje kama inashika?"

"Imeandikwa hapo namba."

"Namba huandikwa na mtu. Nati haijui kusoma. Mimi sinunui mbuzi kwenye gunia."

Akatoka. Nilimwambia aichukue tu, soketi ni soketi. Aliniangalia kana kwamba nimemshauri auze nyumba. Na mimi, ambaye nimeona mengi yakifungwa kwenye plastiki, sikuwa na nguvu ya kubishana. Palepale ilipokuwa safu ya wauzaji walioijua nati yake, sasa kulikuwa na mkeka wa mpira ulioandikwa "Karibu".

Kilichokuwa kinabaki ni jambo moja dogo: kuvuka barabara, kugonga geti, kuomba. Hakufanya. Badala yake alitafuta spana ya plagi za pikipiki, fupi na nene, akaisugua kwa tupa mpaka ikawa nyembamba ya kuingia kisimani, akapeleka kwa mchomeleaji ikaunganishwa na kipande cha bomba. Aliifanyia kazi kwa muda mrefu, na ilikuwa na sura. Siku ya mwisho akaniletea na plagi mpya aliyopewa na binti kama mfano. Nikaivisha.

"Inacheza," nikasema.

"Kidogo."

"Hicho kidogo ndicho ulichokuwa ukikirudisha sokoni."

Akaichukua mkononi mwangu, akaitundika kwenye msumari mtupu. Hakuichorea kivuli.

Jumapili ikafika. Tulikuwa kwenye benchi, tumeoga mapema, na mama ameshaandaa chai. Gari jeupe likaingia mtaani, likapunguza mwendo, likasimama. Upande wa pili. Mbele ya geti la Wa Bima.

Misumari hakusimama. Alishika magoti yake.

Binti akashuka, akasalimiana na Wa Bima aliyekuwa akiosha gari lake. Tulisikia kila neno, maana barabara yetu si pana kama tunavyopenda kufikiri.

"Kaka, eti una ile soketi ndefu ya plagi?"

"Ninayo, dada. Liache hapahapa, nitakufungulia, si kazi."

"Ngoja nimwambie mzee."

Akavuka, akaamkia, akachuchumaa mbele ya baba yake kama alivyokuwa akifanya utotoni. "Baba, kaka anasema atanifanyia yeye mara hii. Usiinamishe mgongo wako bure."

"Mgongo wangu umekuja kukulalamikia?"

"Baba."

"Nimeuliza tu. Ulikuja hospitalini kwako, ukafunguliwa faili?"

Mama akatokea mlangoni na kijiko. "Mwache mtoto. Gari ni lake."

"Gari ni lake," Misumari akasema. "Na geti hili ni la nani? Nimekaa hapa toka asubuhi, lije lisimame kwa watu?"

Binti akamtazama, akaniangalia mimi, akarudi kulichukua gari. Alimwambia Wa Bima neno ambalo hatukulisikia, na Wa Bima akainua mkono wenye povu. Gari likaingia bandani.

Akashika tochi. Misumari akatoa chombo chake ukutani, akakishusha kisimani. Nilikuwa nimesimama karibu, na nilimwona anasita. Alikuwa anajua. Mikono yake ilikuwa inamwambia kile alichowaambia watu maisha yake yote. Ng'ambo ukalia tiki tiki tiki, Wa Bima anakaza kitu chake, na nadhani ule mlio ndio uliomsukuma. Akageuza.

Chombo kikalala upande. Kikasikika kitu kidogo, kama kikombe kinachopasuka chini ya maji. Alipokitoa, kilikuja na kipande cha kaure nyeupe. Shingo ya plagi imekatika, kichwa chake kimebaki chini kisimani, kimeng'ang'ania.

Binti alikuwa na zamu hospitalini alasiri ile, na gari lisingetoka bandani na plagi iliyovunjika. Taa ya tochi haikutikisika.

"Nimwite kaka?" akauliza polepole.

"Asiitwe mtu."

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akachukua kofia yake, ile ya kijivu aliyovaa tangu enzi za lori, akaivaa sawasawa. Akavuka barabara. Nikamfuata, kwa sababu kuna safari ambazo mtu hapaswi kwenda peke yake hata kama ni ng'ambo tu.

Wa Bima akakausha mikono haraka. "Karibu, mzee wangu. Nije nikusaidie?"

"Hapana. Nimekuja kuazima."

"Chochote, baba."

"Hiyo nyembamba, ndefu."

Boksi likafunguliwa juu ya boneti. Wa Bima akatoa soketi, akamkabidhi kwa mikono miwili, akatafuta simu yake mfukoni, kisha nadhani akaona haya, akairudisha. Misumari akalitazama lile shimo la plastiki lililobaki wazi, umbo lile lile la soketi, kama vivuli vyake ukutani. Akavua kofia, akaikunja mara mbili, akaishindilia mle shimoni. Haikutosha vizuri. Akaibonyeza kwa kidole gumba mpaka ikakaa.

Wa Bima akaniangalia. Sikumwelezea. Kuna mambo ukianza kumwelezea mtu umeshamaliza kuyaua.

Soketi ilishuka kisimani bila kugusa ukuta wowote. Ndani yake kulikuwa na mpira mdogo unaobana plagi, na ilipogeuzwa, kile kichwa kilichong'ang'ania kikalegea, kikapanda juu kama jino la maziwa. Misumari akakitazama. Kisha akaichukua ile soketi, akaigonga kwa upole kwenye jiwe la mlangoni, akainamisha sikio.

"Inasemaje?" binti akauliza.

Akaigonga tena. "Inaimba," akasema, kwa sauti ya mtu anayelazimishwa kusifu mke mwenza.

Walikuwa wanaingiza plagi ya mwisho Wa Bima alipotokea getini, ameshika kofia kwa ncha za vidole. "Mzee, samahani, ulisahau kofia yako kwenye boksi. Na mfuniko haufungi."

Uso wa Misumari nimeuona siku nyingi, lakini siku ile niliangalia pembeni. Kuvua kofia mbele ya mpinzani wako, ni kitu. Kuletewa kama kitu ulichosahau, ni kitu kingine.

Binti ndiye aliyesema. "Hakusahau, kaka." Akamweleza, tochi mkononi. Kofia, msumari, kivuli, fundi cherehani na miwani yake. Alieleza vizuri, kumbe alikuwa akiona yote tangu utotoni. Wa Bima alisikiliza akiutazama ukuta, kofia ya mzee sasa ameishika kwa mikono miwili.

"Kumbe," akasema. "Basi naomba nirudi nayo."

"Usirudi nayo," Misumari akamwambia. "Kazi imekwisha. Chukua chombo chako, nipe kofia yangu. Ndivyo inavyokwenda."

Wakabadilishana. Binti akawahi zamu yake. Mimi nilidhani mambo yamekwisha.

Juma lililofuata tukasikia nyundo ng'ambo. Wa Bima alikuwa anapachika ubao barazani kwake. Ulipakwa vanishi, ukanyooshwa kwa pima maji, na juu yake zikapangwa, si misumari hata, bali skrubu zinazong'aa, umbali sawa kwa sawa. Akaacha kupiga watu picha. "Acha kofia yako hapo," akawaambia. Na zikaja. Ya mwalimu, ya kinyozi, kofia zilezile zilizohama ukuta wetu sasa zikatundikwa kule. Vijana waliona ni jambo la busara. Fundi cherehani, ambaye alipaswa kujua, nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mteja, "Utaratibu mzuri sana wa Wa Bima."

Hilo neno lilimfikia Misumari kabla ya chakula cha mchana, na hakula.

"Si ulikuwa unalia desturi imekufa?" mkewe akamwambia. "Sasa imefufuka, unalia nini?"

"Imefufukia nyumbani kwa watu."

Mama akacheka mpaka akaweka sahani chini. Mimi sikucheka. Wanasema aliyepanda mti asiulize nani anakaa kivulini, lakini wanaosema hivyo huwa ndio waliokaa kivulini. Ukuta wa Misumari ulijengwa nati moja baada ya nyingine, kwa mashati yaliyotoboka, na sasa sehemu yake iliyokuwa hai imebebwa ng'ambo ya barabara bila hata kofia kuachwa nyuma.

Jumapili ya mwisho wa mwezi gari jeupe likaja. Halikupunguza mwendo ng'ambo. Liliingia moja kwa moja bandani, binti akashuka na tochi yake. Misumari akainuka, akavuka barabara, akaamkiana na Wa Bima, akatundika kofia yake ya kijivu kwenye ule ubao wa vanishi, akarudi na boksi zima la soketi, kwa sababu kijana alisisitiza achukue zote. Akainama kwenye injini, kipara chake kinang'aa kwa mwanga wa tochi. Kisha akainuka, akaniita pembeni.

"Nenda kaniangalizie kofia yangu iko msumari wa ngapi."

"Si umeitundika mwenyewe?"

"Nilitundika wa kwanza. Lakini watu wa kule hawana adabu, wanasogeza."

Nikaenda. Walikuwa wamesogeza. Kofia ya mwalimu ilikuwa ya kwanza, ya kinyozi ikifuata, na ile ya kijivu ya tatu, imebanwa na kofia ya kijana fulani yenye maandishi ya timu. Wa Bima aliniona nikihesabu, akauliza kama kuna tatizo. Nikasema hakuna.

Niliporudi nikakuta binti anafuta macho kwa mgongo wa kiganja na anatabasamu, mkono mwingine juu ya tumbo lake, na mwanga wa tochi umekwenda darini. Misumari alikuwa ameinama palepale, hakugeuka.

"Shika tochi vizuri," alikuwa anasema.

Kisha akanisikia. "Wa ngapi?"

"Wa kwanza," nikamwambia.

"Kushoto?"

"Kushoto kabisa."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu ambaye hakuwa na shaka, akachukua ule mpini wa jirani, akageuza. Tiki, tiki, tiki.